Lenzi Niliyomnyima Odhiambo

Odhiambo alipostaafu kazi ya ofisi kwenye kiwanda cha chai, alituita sisi tuliobaki wa kundi la wapiga picha la Jumamosi tule naye mchana kabla hajarudi kwao ziwani. Tulikuwa wachache, vichwa vimeingia mvi, na hakuna aliyebeba kamera. Kila mtu alikuja na simu mfukoni kama watu wengine wote. Mke wake alitandaza samaki, kuku, ugali na sukuma wiki, na sahani zilipoondolewa Odhiambo, ambaye alikuwa amesifiwa tangu asubuhi na hakutaka kusifiwa tena, alininyooshea kijiti cha meno akasema, "Huyu Moraa alininyima lenzi. Nilikuja na pesa mkononi, pesa nzuri, akaninyima, akampa huyu." Huyu alikuwa Chepkemoi, aliyeketi ng'ambo ya meza. Watu wakacheka. Chepkemoi naye alicheka, akiziba mdomo kwa kiganja kama alivyofanya tangu ujana wetu. Mimi nilicheka mwisho. Mimi na Chepkemoi tulikuwa tumeshaulizana habari za watoto na za magoti, tumegawana hata paja la kuku, na bado, baada ya miaka hii yote, alipoingia mlangoni jambo la kwanza nililofanya ni kumkagua kama ana mkoba wa kamera begani. Hakuwa nao. Nikapumua.

Mwaka anaousema Odhiambo ndio mwaka niliojua wivu ni kitu gani. Kabla yake nilikuwa nimeona wivu wa kawaida, wa viatu na wa wanaume, ule unaokuja na kuondoka kama mafua. Huu ulikuwa wa kukaa. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini na nimekodi kibanda cha picha mjini Kericho, karibu na stendi, chembamba kama ushoroba. Simu zilikuwa bado hazijajua kupiga picha ya maana, kwa hiyo mtu mwenye kamera aliheshimiwa, akaitwa hata na wakubwa wake "madam." Nilikuwa na lenzi mbili: ile ndogo iliyokuja na kamera, na moja kubwa, ya milimita themanini na tano, niliyoinunua Nairobi ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, baada ya kujinyima mengi. Ilikuwa lenzi ya nyuso. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta mbovu, ukuta unayeyuka na uso unabaki peke yake, kama umeoshwa. Shida yake ni kwamba ilitaka nafasi. Kibandani nilirudi nyuma mpaka nikagonga mgongo ukutani, na bado nikichungulia naona pua na macho tu. Harusini, katika zile sebule zetu, nilikuwa napiga picha nikiwa nje dirishani. Nikaamua niiuze ninunue lenzi pana, inayomeza watu wengi kwenye chumba kidogo. Ndivyo nilivyowaambia watu, na ilikuwa kweli. Kweli nyingine sikuisema: lenzi ile nilikaa nayo muda mrefu, na haikuwahi kunipa hata picha moja kama zile nilizoziota siku nilipoilipia.

Tulikuwa tunakutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Mama Chelagat, chumba ambacho katikati ya wiki kilikuwa stoo ya viazi. Kulikuwa na meza moja ndefu, viti visivyofanana, na harufu ya mafuta ya mandazi iliyoingia mpaka kwenye mifuko ya kamera zetu. Mvua ya alasiri ikianza kupiga bati hakuna sauti iliyoweza kushindana nayo, basi tulinyamaza wote tukapitishiana laptop ya Odhiambo, na nafikiri hizo ndizo zilikuwa saa zetu nzuri, maana ni vigumu kudanganya kuhusu picha ukiwa umenyamaza. Odhiambo ndiye alikuwa mkubwa wetu. Picha yake ya ukungu ukishuka juu ya mashamba ya chai ilikuwa imetundikwa benki, na watu waliosimama kwenye foleni waliitazama mpaka wakaitwa mara mbili. Alikuwa mpole. Picha yako ikiwa mbaya alisema, "Hapa ulikuwa na haraka," basi. Nilimpenda kama kaka, na nilimwonea wivu kila Jumamosi.

Chepkemoi alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea, anatoka Merigi, upande wa Bomet. Alikaa karibu na mlango ili aondoke mapema akapate gari. Kamera yake ilikuwa kuukuu, mlango wa betri umefungwa kwa utepe wa gundi, na alikuwa anasema "bicha," kama wasemavyo wengi wa kwao. Vijana wawili wa video za harusi walikuwa wanamwigiza akienda msalani. Picha zake zilikuwa za watoto waliokatwa miguu na ukingo wa picha, nusu yazo zimetikisika. Hata Odhiambo alikuwa akizipitia haraka, kwa huruma. Mimi nilimpenda bila kujikaza. Kumpenda mtu wa namna hiyo hakugharimu chochote.

Siku niliyoileta lenzi, Odhiambo aliichukua kabla sijamaliza kueleza. Aliifungua vifuniko, akaielekeza kwenye balbu, akafumba jicho moja akitafuta kuvu, kwa sababu unyevu wa Kericho hula lenzi kama unavyokula viatu vilivyosahaulika chini ya kitanda. Aliizungusha polepole, akaipuliza, akatazama tena.

"Safi," akasema. "Kuna mkwaruzo hapa kwa pete, lakini kioo ni safi. Moraa, hii usiipeleke mbali. Nipe mimi." Akataja bei, na ilikuwa bei nzuri kuliko niliyotegemea.

Nilimwangalia akiwa ameishika. Ilimkaa mkononi vizuri sana. Tayari alikuwa na ukungu, alikuwa na milima, alikuwa na ukuta wa benki. Sasa angekuwa na nyuso pia. Niliona kama sinema jinsi Jumamosi zitakavyokuwa, mimi nimekaa pale na chai yangu, yeye akifungua laptop na kuonyesha watu walioyeyushiwa kuta kwa lenzi yangu.

"Na mimi naitaka," akasema mtu mlangoni.

Tuligeuka wote. Chepkemoi alikuwa amesimama, koti ameshavaa tayari kwa safari.

"Unayo pesa, mwalimu?" akamuuliza mmoja wa vijana wa harusi.

"Niko na ya mchango wa chama. Zamu yangu ya kupokea ilifika." Akaniangalia mimi, hakumwangalia yeye. "Haifiki ya mzee. Lakini ni yote, si ya kulipa pole pole."

Nikaitazama kamera yake na ule utepe wa gundi. Nikawaza: kwake italala. Kumuuzia yeye ni kama kuifungia sandukuni, na tena nipate pesa. "Nitampa mwalimu," nikasema. "Yeye anaihitaji zaidi." Chumba kizima kilinisifu. Mama Chelagat, aliyekuwa amesimama na birika, alinimiminia chai nyingine akasema hiyo ni ya bure, mtu mwenye roho nzuri asilipe. Odhiambo peke yake hakunisifu. Aliifunga lenzi vifuniko vyake, akanirudishia mkononi, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Sawa," akasema. "Mali ni yako." Na ilikuwa yangu kweli, na mtu humuuzia amtakaye. Niliondoka pale nikiwa mwepesi kama aliyeweka kitu chake mahali salama.

Wiki kadhaa Chepkemoi hakuleta kitu. Nikimuuliza anasema bado anaizoea. Nilimwambia asiwe na haraka. Kisha Jumamosi moja, mvua ikiwa bado haijaanza, alitoa kadi yake akampa Odhiambo aiingize kwenye laptop. Picha ya kwanza ilikuwa ya mtoto anakunywa uji, kikombe kimemfunika uso wote isipokuwa macho. Ya pili ilikuwa ya bibi mmoja kwenye benchi nje ya hospitali pale Longisa, thermosi ya uji mapajani ameikumbatia kwa mikono miwili, anamngoja mtu wake atoke. Nyuma yake kila kitu kilikuwa kimeyeyuka. Ungesema benchi lile lilikuwa limewekwa mawinguni na bibi yule alikuwa amekubali kungoja hata milele, bora uji usipoe.

Odhiambo alivua miwani. "Mwalimu, ulimwambia nini huyu bibi?"

"Sikumwambia kitu. Nilikaa na yeye."

"Muda gani?"

"Mpaka wakamwita."

Nilitaka kusema kitu cha fundi kwa fundi, kitu cha kumrudisha mlangoni alipokuwa. "Ulifungua lenzi kiasi gani hapo?" nikamuuliza. "Ulitumia namba gani?"

Aliziba mdomo akacheka kwa aibu. "Aki sijui, Moraa. Niliacha vile uliniachia."

Ni jibu ambalo nimelitafuna miaka mingi. Hakuwa amegusa kitu. Lenzi ilikuwa vilevile nilivyoivua kwenye kamera yangu, imefunguliwa kiasi kilekile, na mkwaruzo uleule kwenye pete. Kwetu Kisii na kwao Wakipsigis ng'ombe ni ng'ombe, na kila mtu anajua kisa cha aliyeuza mtamba akidhani ni tasa, akasikia amezaa pacha kwa jirani. Usiku nilikuwa nalala nikifikiri kwamba picha zile zilikuwa ndani ya lenzi muda wote, zimeshafika, zimekaa kwenye kioo zikingoja, na mimi nikazitoa pamoja nayo kwa bei ya chini. Ilikuwa rahisi kufikiri hivyo kuliko kufikiri jambo lingine. Nilikuwa tayari nimenunua lenzi pana. Ilimeza harusi nzima, mabwana na mashemeji na keki, na hakuna uso uliobaki peke yake hata mmoja.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano mvua haikukatika, na Chepkemoi alikosa gari la Bomet. Mimi nilikuwa nakwenda kwa mama yangu Kiptere, nikamwambia twende wote. Sikuwa na namna. Mama alikuwa anaishi peke yake na mistari michache ya chai, ndizi na kuku. Tulifika tumelowa. Alituvisha leso zake, akasonga ugali wa wimbi, akaweka mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, ile chungu ambayo watu wasio wa kwetu huionja mara moja wakasema wameshiba. Chepkemoi alikula, akaongeza. Kisha akainuka akamfuata Mama jikoni kuosha vyombo, na mimi nikabaki sebuleni na taa, nikikausha kamera yangu kwa kitambaa. Walikuwa wanaongea Kiswahili cha kusaidiana, Mama akichomeka Kikisii, yeye akichomeka Kipsigis. Nikamsikia Mama akisema, "Huyu wangu akiwa mdogo alikuwa akipewa yai anaangalia kwanza kama la ndugu yake ni kubwa." Wakacheka wote wawili. Sikuwa nimewahi kusikia kisa hicho. Sikujua kama kipo. Nilikaa pale na kamera mapajani nikijiuliza ni mara ngapi nimeosha vyombo na mama yangu jikoni mle, na yeye hakuniambia.

Nieleze hapa kwamba mama yangu nilikuwa nimempiga picha mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Nilimpiga kwenye chai, mlangoni, na Biblia, bila Biblia. Kila mara alikaa kama anayengoja sindano. Nikimwambia acheke, alifungua meno. Nikimwambia asijali kamera, aliitazama kwa bidii ya kutoitazama. Nilikuwa nashikashika kola yake, namgeuza kidevu, namwambia leso hii haifai, vaa ile. Nilikuwa naamini kwamba mama ana uso usiopigika, kama wako watu wasioweza kuimba.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, nilipanda kwenda Kiptere bila kutoa habari. Nilikuwa na kisirani cha mteja aliyekataa picha zake, na njia ya kupanda kutoka barabarani ilikuwa tope tupu. Nilitembea nimeinamisha kichwa, nikisimama kila mara kupunguza udongo kwenye viatu. Nilipoinua uso niliona mgongo wa mtu katikati ya mistari ya chai, koti ninalolijua, na mbele yake Mama, kikapu kimejaa mgongoni. Mtu yule alikuwa anashusha kamera. Hata kwa mbali niliijua lenzi ile, kama unavyoijua sauti ya mlango wa kwenu.

"Umefika lini?" nikamuuliza Chepkemoi, kabla ya salamu.

"Jana. Nilileta mahindi mabichi kwa Mama."

"Jana? Na hakuna aliyeniambia?"

"Nikuambie nini," akasema Mama, "kwani amekuja kuiba? Umekuja na uso gani huo? Chukua hiki kikapu."

Nilikichukua. Nilitangulia mpaka kituo cha kununulia majani ili wasione uso wenyewe, na njia nzima niliwasikia nyuma yangu wakiongea habari za mahindi, Mama akimwita "mwalimu wangu."

Mwisho wa mwaka, kiwanda kimoja cha chai kilitaka picha ya kalenda. Odhiambo ndiye alileta habari chumbani kwetu: kalenda ya karatasi moja kubwa, picha moja juu, miezi yote chini, itakayotundikwa katika kila kituo cha majani, kila duka na kila hoteli kutoka Kericho mpaka Bomet. Walitaka mkulima. Kila mmoja wetu alete kazi yake. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kalenda ile. Nilifunga kibanda siku za kazi, nikazunguka mashambani, nikapanga wachumaji katika safu, nikawainulia vikapu, nikangoja jua. Nilipeleka picha nyingi, safi, zilizonyooka. Odhiambo alipeleka ukungu wake. Chepkemoi alipeleka moja, na hakutuonyesha.

Niliiona kwa mara ya kwanza pale kwa Mama Chelagat, siku Odhiambo alipoingia na bomba la karatasi kwapani. Aliikunjua juu ya meza, tukaishikilia pembe kwa vikombe. Alikuwa mama yangu. Kamba ya kikapu kifuani, kidevu juu, midomo imefunguka kama mtu aliyekuwa karibu kusema kitu na kicheko kikamwahi. Lakini watu waliyainamia macho. Macho yalikuwa yameona kitu. Yalikuwa yamepita kidogo pembeni, yamejaa, na mikunjo yote ya uso ilikuwa imeinuka kuyafuata. Nyuma yake chai ilikuwa imeyeyuka ikawa kijani kimoja laini. Huo ulikuwa uso wa mama yangu, na nilikuwa sijauona hata siku moja.

"Moraa, huyu si mama yako?" akauliza mmoja wa vijana wa harusi.

"Ndiye," nikasema. Nikamgeukia Chepkemoi. "Hongera, mwalimu." Nikamwambia nina mteja ananingoja, nikatoka, nikatembea kwenye mvua bila kujifunika.

Mtu huweza kumkwepa anayemwonea wivu. Mimi nilitundikiwa wivu wangu kila ukuta. Mama alikuwa kwenye bucha nilikonunua nyama, juu ya mzani. Alikuwa kwa kinyozi, kwa duka la dawa, kwa mlango wa choo cha stendi. Watu walikuwa wanabishana kuhusu macho yale. Mwenye bucha alisema mama huyu anaona mvua inakuja baada ya kiangazi. Kule kanisani kwetu mchungaji aliitaja kwenye mahubiri, akasema hivyo ndivyo mwenye haki atakavyomtazama Bwana. Mimi sikubishana. Nilijua anachokiona. Anamwona Chepkemoi, mwalimu wake, aliyekula chinsaga akaongeza. Mama yangu alikuwa amemtazama mtoto wa mtu mwingine hivyo, na kiwanda kikachapisha ushahidi kwa rangi.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Mwezi wa kwanza nilichukua pesa zangu za akiba, nikapanda gari mpaka Merigi, nikauliza njia. Chepkemoi alikuwa anaishi na shangazi yake katika nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya samawati, sakafu imesuguliwa, viti vimevishwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Hakushangaa kuniona, au alificha. Waliniwekea kimyet, ule ugali wao mgumu wa kukata, na mboga, na mursik kwenye kibuyu, maziwa ya kuganda yenye chengachenga za majivu. Kule jikoni nilimsikia shangazi akiuliza kwa Kipsigis, asijue kwamba nilikulia kati yao na nakisikia, "Huyu ndiye mwenye yule mama? Mbona anakaa kama amekuja kudai?" Na Chepkemoi akajibu, "Ndiye aliyeniuzia jicho. Amekuja kulichukua." Sikuwa nimesema neno.

Aliporudi na chai nilimwambia hivyohivyo. Nilimwambia nitalipa kama vile Odhiambo alivyotaka kunilipa, na zaidi.

Alikaa. Alikunja upindo wa kitambaa cha kiti, akaunyoosha. "Hiyo siuzi, Moraa."

"Unaweza kupata nyingine. Mpya."

"Najua. Lakini hiyo siuzi." Sauti yake haikupanda. "Ukitaka kuiazima kwa harusi, sema, nitakupa. Ukitaka kitu kingine kwa nyumba hii, uliza. Hiyo hapana." Kisha akasogeza sahani karibu yangu. "Kula. Safari ni ndefu."

Nikala, kwa sababu ya shangazi. Nilikuwa nimetegemea aone haya, aseme samahani, anibembeleze. Hapo ningejua la kufanya. Alinisindikiza mpaka barabarani akasimama nami mpaka gari likaja, tukiongea habari za mvua. Ndani ya gari niligundua kwamba nilimheshimu, na hilo halikupunguza chochote. Lilinipa tu mtu mkubwa zaidi wa kumwonea wivu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kiptere. Mama alikuwa na majani ya kupeleka, nikakibeba kikapu, yeye akafuata na fimbo. Kituoni kulikuwa na foleni ya wakulima, na nyuma ya karani, juu ya mzani, kalenda. Karani alikuwa mgeni, kijana aliyeletwa mwezi ule. Alimtazama Mama, akageuka akaitazama karatasi, akamtazama tena.

"Mama, si huyu ni wewe?"

"Ni mimi," akasema Mama, kama anayeulizwa jina.

Foleni ikasogea kusikiliza. "Basi tuambie," akasema karani. "Hapa watu wanabishana kila siku. Hapo ulikuwa unaona nini?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema tupimiwe twende. Mama alinielekezea kidevu. "Huyu," akasema. "Mgongo ulikuwa unaniuma siku hiyo, na mwalimu wa watu ameshika kamera, siwezi kumpa mzigo. Nikaangalia chini, nikaona huyu wangu anapanda. Nikajua leo sitabeba."

Foleni nzima ilicheka. Mwanamke mmoja alinipiga bega akasema, kumbe ni punda ndiye alionekana. Karani alicheka mpaka akakosea kusoma mzani, akaanza upya. Nilimwaga majani mezani, nikayatawanya kwa mikono kama inavyotakiwa, polepole kuliko inavyotakiwa, kwa sababu sikutaka kuinua kichwa.

Tukirudi nilimuuliza nilikuwa wapi hasa.

"Pale kwa mkalitusi. Nilitaka kukuita, mdomo nikaufungua. Lakini ulikuwa umeinama unakwangua matope kwa kiatu. Nikasema, wacha amalize."

"Na mbona hukuniambia? Miezi yote hii, Mama."

"Uliniuliza?" akasema. "Ulikuja umenuna."

Tangu hapo nimepiga nyuso nyingi, nyingine nzuri, na nimelipwa kwa kazi yangu. Chepkemoi na mimi tulizeeka tukiwa marafiki, na lenzi ile aliniazima kwa harusi zaidi ya moja. Watu wakiniuliza kama wivu uliniisha huwa nasema ulipoa, na kwa sehemu kubwa ulipoa kweli. Lakini uso ule ulifunguka kwa ajili yangu. Ulifunguka kitambo kidogo tu, pale kwenye mistari ya chai, na aliyekuwa amesimama mbele yake akauona mzima, ukiwa hai, alikuwa Chepkemoi. Mimi nilikuwa chini ya mkalitusi, nimeinama, nakwangua matope.